Kivuko cha Saa Kumi na Moja: hadithi tisa za kwanza, na pale zinapovuja

Hadithi ya nne katika diwani hii inaitwa "Kalafati", na anayetaka kujua kama kitabu kinastahili shilingi zake 850 aanzie hapo, ukurasa wa 51. Maji yamekupwa. Jahazi limepandishwa ufukweni na kuegemezwa magogo, na fundi mzee na mwanawe wana muda mpaka maji yajae tena kuziba nyufa za mbao upande wa tezi, yaani nyuma. Mzee anasokota pamba, anailoweka kwenye sifa, yale mafuta ya papa, anaisukuma ndani ya ufa kwa patasi butu, kisha anaigonga kwa nyundo ya mti. Anagonga huku ameinamisha kichwa kama mtu anayetegea sauti nyuma ya mlango. Ufa ukiwa bado na nafasi, nyundo hutoa mlio mzito. Ukishajaa, mlio hupanda na kukauka. Hapo ndipo mkono unapotakiwa kusimama. Kijana hasikii tofauti. Anaendelea kugonga kwa ukurasa mzima, na baba hamwambii kitu. Anahesabu tu mapigo yaliyozidi.

Msomaji asiyeijua kazi hii atadhani kijana anajituma. Anayeijua ataanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu ubao mkavu ukirudi majini hufura, na ufa uliojazwa kupita kiasi haumwachii ubao pa kufuria. Mbao husukumana, misumari ikalegea kwenye mataruma, zile mbavu za jahazi. Mwandishi halitoi jambo hilo mpaka ukurasa wa 63, na hata hapo hulitoa kwa mtu wa pembeni, mpakaji wa deheni, ile dawa ya kulinda mbao za jahazi, aliyepita akapapasa ule ufa na kuuliza, "Huu mkono wa nani?" Baba anajibu, "Wangu." Basi. Aya inaishia hapo, na kurasa tano zilizobaki zinahusu kuzibua pamba na kuanza upya huku maji yameshafika kwenye mkuku, ule uti wa chini wa jahazi. Neno "aibu" halimo katika hadithi nzima, wala "upendo", wala "msamaha". Havikosekani.

Hiki ni kitabu cha kwanza cha mwandishi wake: hadithi tisa, kurasa 160 za ukubwa wa A5, kimechapishwa hapa Mombasa kwa gharama ya mwandishi mwenyewe. Hadithi fupi kabisa ina kurasa 10, ndefu kabisa ina 31. Karibu kila moja imejengwa juu ya kazi: kushona kofia, kuuza kahawa, kugawana leso, kuziba jahazi, kuandika namba za makontena bandarini, kukanda mahamri. Wazo ni zuri, na ni la mji huu hasa. Lakini baadhi ya kazi hizi mwandishi anazijua kwa viganja vyake, na nyingine amezisikia barazani tu, na tofauti inaonekana. Pale anapoijua kazi, huiacha iseme. Pale asipoijua, huanza kueleza watu wanajisikiaje, na hadithi huingiza maji.

Hadithi ya kwanza, "Faruma", ingeweza kuwa mlango mzuri kama isingeanza na hali ya hewa. Aya tatu nzima za ukurasa wa 9 zinaelezea jua, vumbi na kunguru, na hakuna hata kimoja kinachorudi baadaye. Hadithi inaanza kweli juu ya ukurasa wa 10, bibi anapoinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama vitobo vya kofia ya viua vinalingana. Anashona kwa miezi, kitobo kwa kitobo, akizungushia uzi kila kimoja mpaka ukingo wake uwe mgumu. Mjukuu ndiye mwenye kazi ya kuifua kofia na kuitandika kwenye faruma, kalibu ya kofia, ikauke kwa umbo lake. Siku moja anaitandika kofia ya mashine kwenye faruma ya bibi, kwa siri, ili aone kama itasimama sawasawa. Inasimama. Ugomvi wote wa hadithi umo katika sentensi hiyo moja ya neno moja, na mwandishi alikuwa na busara ya kuiweka peke yake. Aya tatu za mwanzo zikifutwa, hii ni hadithi ya kumpa mtu yeyote aliyewahi kuulizwa kwa nini kofia ya mkono ni ghali.

"Dele" inamhusu muuza kahawa ambaye masikio yanaanza kumtupa, asiweze tena kusikia vikombe vyake mwenyewe vinavyogongana anapopita mtaani. Wateja amewajua kwa namna wanavyorudisha kikombe: mmoja hukifunika kwa kiganja, mwingine hukitikisa, mwingine humimina masalio chini kwanza. Kurasa 12, zimekaa vizuri. Kosa lake ni dogo: mwandishi amejaza halua, kashata na tangawizi katika kila ukurasa kana kwamba anamtembeza mgeni Mji wa Kale. Mtu wa Kibokoni haoni tangawizi kila anapoinua kikombe.

Hadithi ya tatu, "Mji na Pindo", inahitaji kusomwa polepole. Madada wawili wamenuniana. Mkubwa ananunua doti ya leso Biashara Street, bado haijakatwa, anaikata mwenyewe kwa wembe katikati ya vipande viwili, anabaki na kimoja na kumpelekea mdogo wake kingine. Mwandishi anaonyesha pindo lake, rangi za mji wake, yaani sehemu ya katikati, namna uzi unavyoning'inia pale wembe ulipopita vibaya. Anachokataa kuonyesha ni jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Tunamwona mdogo akilisoma, tunamwona akikunja leso na kuiweka chini ya godoro, tunamsikia shoga yake akisema, "Na wewe mpelekee lako." Hatuambiwi limeandikwa nini. Na kwa kuwa kila kipande cha doti kina jina lile lile, dada mkubwa naye analivaa neno alilolituma, anapita nalo sokoni, anaenda nalo harusini. Hilo halisemwi popote. Limeachwa kwa msomaji anayejua leso huuzwaje, na msomaji huyo, pwani hii, ni karibu kila mtu.

Watakuwepo watakaodai jina la leso litajwe. Wasisikilizwe. Likitajwa, hadithi inageuka kuwa fumbo lililofumbuliwa, na msomaji atalipima lile neno badala ya kuwaangalia wale madada. Hata hivyo kuna jambo la kurekebisha: ukurasa wa 47 unasema mdogo "alielewa kwamba dada yake alikuwa na maumivu kuliko yeye". Sentensi hiyo ndiyo pamba iliyozidi. Tayari tumemwona dada mkubwa akiivua leso yake kabla ya kuingia chumba cha mama yao, na kuivaa tena alipotoka. Yatosha.

Sasa hadithi iliyokipa kitabu jina. Ina kurasa 31, kutoka 69 hadi 99, na ni dhaifu kuliko zile nne zilizoitangulia, jambo la kusikitisha kwa sababu chembe yake ndiyo nzito kuliko zote. Mwanamke wa Likoni huvuka kila alfajiri kwa kivuko cha saa kumi na moja kwenda kufanya usafi maofisini kisiwani. Mumewe alikufa katika ajali ya kivuko cha MV Mtongwe ya 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272. Tangu hapo hasimami katikati ya kivuko. Lazima ashike chuma cha ukingo, na kila siku lazima afike mapema ili apate nafasi ya chuma hicho. Kurasa nane za mwanzo zinahusu hilo tu: umati unavyosukumana kwenye ngazi ya kushukia, magari yanavyopangwa, mkono unaotafuta chuma. Zimeandikwa na mtu aliyesimama pale.

Kisha hadithi inarudi 1994, na kuanzia hapo mwandishi anategemea alichosimuliwa. Anasema siku ya ajali ilikuwa Jumatatu. 29 Aprili 1994 ilikuwa Ijumaa. Mtu anaweza kusema siku ya juma haina uzito, lakini katika hadithi hii inao: mume anaondoka nyumbani akiahidi kurudi jioni, na mke anamwandalia nguo za kesho. Siku ya Ijumaa mwanamume huyo, aliyeelezwa ukurasa wa 76 kuwa hakosi msikitini, angeondoka na kanzu yake au angepanga wapi ataswalia. Kanzu ile ingekuwa mwilini mwake au ingebaki imetundikwa, na yoyote kati ya hayo mawili ingefanya kazi kubwa kuliko aya mbili za kilio zilizowekwa mahali pake. Kalenda ilikuwa imemwachia mwandishi kitu cha mkononi, hakukiokota.

Tabu ya pili ni mwisho. Hadithi hii ina miisho mitatu. Wa kwanza uko ukurasa wa 93, pale mwanamke anapompisha kijana mjamzito anayeogopa maji ashike chuma chake, na kwa mara ya kwanza anavuka bila kushika kitu. Wa pili uko ukurasa wa 96, anapomsimulia binti yake. Wa tatu ni ukurasa wa 99, binti anapoeleza maana ya alichosimuliwa. Mhariri yeyote angeweka kalamu chini ukurasa wa 93, kwenye neno "gati", na kufuta sita zilizobaki. Wanaojaribu hadithi fupi kwa mara ya kwanza hukosea hapa mara nyingi, na sababu yake inaeleweka: ngano tulizokulia zilikuwa na fundisho mwishoni, na darasani tulifundishwa kutafuta maudhui na dhamira na kuziorodhesha. Mwandishi anayeandika huku akimwona mtahini mbele yake humwandikia majibu kabisa.

"Namba ya Kontena" ni hadithi ya karani anayekosea tarakimu moja katika kunakili namba ya kontena, akamsababishia tajiri wake ada za kuchelewa kutoa mzigo, akafukuzwa. Lugha yake ni nyepesi na ya haraka, mazungumzo ya simu ni ya kweli kabisa. Lakini mhimili wake umevunjika. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba: herufi tatu za mwenye kontena, ya nne kwa kawaida U, tarakimu sita za mfululizo, na ya saba ni ya ukaguzi, inayopatikana kwa kukokotoa zile alama kumi zilizotangulia, herufi na tarakimu pamoja. Kazi ya tarakimu hiyo ya mwisho ni kukamata makosa ya namna hii hasa. Karani akiandika 3 mahali pa 8, hesabu haitakubali, na programu itaikataa namba papo hapo, isipokuwa mara chache sana. Maana yake ni kwamba kosa lililobeba hadithi nzima lisingefika popote.

Tiba ipo na ni rahisi. Karani anakili namba nzima ya kontena la jirani, la mstari wa juu au wa chini katika orodha. Hiyo ni namba halali, itapita kila ukaguzi, na kosa litagunduliwa lori likishafika getini na kuonyeshwa kontena lisilo lake. Hadithi ingepata hata faida, kwa sababu kungekuwa na tajiri wa pili, mwenye lile kontena jingine, naye angepiga simu. Toleo la pili likitoka, hii ndiyo hadithi inayohitaji siku mbili za kazi kuliko zote.

Mbili zinazofuata zipitwe upesi. "Hamira" ni ya mwanamke anayekanda mahamri huku akingoja simu kutoka hospitali, na imepangwa kwa muda wa unga kuumuka. Ni mpango mzuri, lakini mwandishi amempa unga dakika kumi. Unga wa mahamri wenye tui, sukari na iliki, hata kwa joto la Mombasa na hata kwa hamira ya haraka, huchukua karibu saa nzima ili uvimbe mara mbili. Ukikatwa na kutiwa mafutani baada ya dakika kumi, utatoa mahamri magumu yasiyofura, na mpishi wa hadithi hii, aliyeelezwa kuwa amewalisha watu miaka ishirini, asingethubutu. Mwandishi angempa saa yake, na kungoja kule kungekuwa kungoja kweli. "Sauti" ni mfululizo wa ujumbe 11 wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine asiyejibu. Kila ujumbe umeandikwa kwa sentensi kamili zilizonyooka, vituo mahali pake. Hakuna anayezungumza hivyo na simu, sembuse mwenye hasira.

Halafu kitabu kinafunga na "Maleleji", na hapa inabidi mtu akae chini. Nahodha mzee ana mtoto wa jicho, haoni tena zaidi ya kivuli. Kila asubuhi barazani anamuuliza mjukuu wake wa miaka minane, kitambaa kilichofungwa kwenye mlingoti wa jirani kinapepea kwenda wapi. Ni kipindi cha maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijasimama, upepo hauna msimamo. Msichana amegundua kwamba babu hufurahi akiambiwa kusi imeingia, kwa hiyo siku moja anamwambia imeingia. Kesho yake anarudia. Anaanza kutunga: majahazi mangapi yamepita, tanga lipi limetiwa kiraka. Mzee anamuuliza maswali zaidi, anamsahihisha istilahi, anamfundisha tofauti ya omo na tezi, foromali na mlingoti, ili uongo wake uwe na majina sahihi. Ukurasa wa 152 mzee anainua uso, ananusa, na msomaji anaelewa kwamba mtu aliyekaa baharini miaka arobaini hahitaji macho kujua upepo uko wapi, na kwamba tangu siku ya kwanza alijua.

Hadithi inaisha kwa swali lake lile lile la kila asubuhi: "Na leo je, mwanangu?" Jibu halipo. Hakuna binti wa kueleza maana yake. Kama mwandishi huyu aliiandika "Maleleji" mwisho, na mkono unaonyesha hivyo, basi ameshajifunza jambo ambalo "Kivuko" haikulijua, na ingefaa arudi na hicho alichojifunza akaikate ile ya kurasa 31.

Lugha ya kitabu inastahili maneno yake yenyewe. Masimulizi ni ya Kiswahili sanifu, mazungumzo ni ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na uamuzi huo umeshikwa mpaka mwisho bila kulegea. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, na tangu hapo mwandishi wa mji huu huandika kwa lahaja isiyo ya nyumbani kwao. Kuona "mato" (macho), "kitwa" (kichwa), "mtele" (mchele) na "ndoo" (njoo) ndani ya vitabu si jambo la kila siku katika nathari, na hapa maneno hayo yamewekwa kwenye vinywa vya watu wanaoyasema kweli, wazee zaidi ya vijana, nyumbani zaidi ya kazini. Karani wa bandarini anaongea sanifu na tajiri, na Kimvita na mkewe, ndani ya simu moja. Sikio hilo halifundishiki kirahisi.

Ila kuna mtego. Ukurasa wa 41 dada mkubwa anamwambia mdogo, "Wateka nini?" Kwa Kimvita ni "unacheka nini", na t yake ni ya menoni, tofauti na t ya kuteka maji. Lakini hati ya kawaida haina alama ya kutenganisha t hizo mbili, na msomaji wa Nakuru au Dodoma atadhani mtu anaulizwa anachota nini, au ameteka nini. Mwandishi ameweka faharasa ya maneno 24 nyuma ya kitabu, na humo ameeleza "leso" na "dele", ambayo wengi wanayajua, akaacha "teka", "faruma", "deheni" na "maleleji". Hayo manne ndiyo yangeanza. Njia iliyo bora hata kuliko faharasa ni kuacha tendo lieleze: dada aone meno ya mwenzake kabla ya kuuliza, na neno litaeleweka bila mtu kufungua ukurasa wa 155.

Tahajia haikupitiwa na jicho la pili. "Aliye" na "alie", "iliyo" na "ilio" vinapishana ndani ya ukurasa mmoja. Ukurasa wa 66 fundi "alingoa msumari". Inatakiwa "aling'oa", na si jambo la mapambo, kwa kuwa ngoa ni wivu na kung'oa ni kuutoa msumari uliokaa. Kukata maneno mwisho wa mstari kumeachiwa programu iliyopangwa kwa Kiingereza, ndiyo maana tunaona "ny-umba" na "wanap-osema". Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu mara nyingi mno, kwa hiyo kanuni ni nyepesi: kata baada ya irabu, usitenganishe ny, ng', ch, sh, wala mb na nd. Mpangaji kurasa akizima ukataji wa Kiingereza na kupanga maandishi yaanzie kushoto bila kulazimishwa kunyooka kulia, tatizo lote huondoka.

Kitabu chenyewe kama kitu cha kushika kina kasoro ambazo ni za mtambo na za hewa ya pwani. Pambizo la ndani ni milimita 12 tu. Kwa kitabu cha kurasa 160 kilichobandikwa kwa gundi mgongoni, hiyo ni ndogo; neno la mwisho la kila mstari upande wa kushoto huzama kwenye mgongo, msomaji hukikunja kwa nguvu ili alione, na gundi hukatika. Milimita 20 zingetosha. Katika nakala kadhaa mgongo tayari umepasuka karibu na ukurasa wa 80, katikati kabisa, mahali kitabu kinapofunguka chenyewe. Gundi ya moto hulainika kwenye joto, kwa hiyo kisiachwe juu ya dashibodi ya gari.

Jalada linajikunja nje, na wengi watadhani ni karatasi duni. Karatasi si mbaya. Limepakwa plastiki upande wa nje peke yake. Unyevu wa Mombasa huingia upande wa ndani usiofunikwa, nyuzi za karatasi hutanuka, na upande wa plastiki hautanuki, basi jalada hupinda kuelekea kule kusikotanuka. Hukunjika zaidi kama uzi wa karatasi, yaani mwelekeo wa nyuzi zake, umekwenda kwa upana wa kitabu badala ya sambamba na mgongo. Anayechapisha pwani amwambie mpiga chapa mambo mawili kabla ya kulipa: uzi wa karatasi uwe sambamba na mgongo, jalada na kurasa za ndani pia, na plastiki iwe ya aina inayopitisha unyevu kiasi, au kusiwe na plastiki kabisa. Kwa nakala ambazo tayari zimepinda, zilazwe chini ya vitabu vizito siku chache. Zitanyooka, na zitapinda tena mvua za masika zikianza.

Hakina ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Nchini Kenya namba hiyo hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na bila hiyo duka kubwa la vitabu haliwezi kukiingiza kwenye orodha yake, wala mwalimu wa Kisumu hawezi kukiagiza kwa jina tu. Hadithi kama "Mji na Pindo" haifai kubaki ikiuzwa kwa mkono kati ya Makadara na Mwembe Tayari.

Atakayekinunua asome kwa mpangilio huu: "Kalafati", "Mji na Pindo", "Dele", "Faruma" kuanzia ukurasa wa 10, kisha "Maleleji". "Kivuko" aisome mpaka ukurasa wa 93 na asimame. Mwalimu wa fasihi anayetaka mfano wa kisichosemwa atumie kurasa za 61 hadi 64, zinatosha kipindi kimoja.

Na kabla ya kulipa, kitabu kifunguliwe ukurasa wa 97. Kurasa zimefungwa kwa mikunjo ya 16, na katika baadhi ya nakala mkunjo wa saba, yaani kurasa 97 hadi 112, umebandikwa kichwa chini. Unachukua kurasa tatu za mwisho za "Kivuko" na sehemu kubwa ya "Namba ya Kontena". Mwandishi anabadilisha nakala hizo bila malipo, mradi kitabu kirudishwe kikiwa hakijaandikwa jina.